Skrubu Imelegea au Imelegezwa? Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Taharuki ya Kisaikolojia ya Barafuni

Mtelezaji wa barafuni hajioni. Anaruka, anazunguka mara tatu hewani kwa muda usiofika sekunde moja, anatua kwa mguu mmoja akielekea kinyumenyume, na tangu mwanzo hadi mwisho hana njia ya kujua kwa macho yake mwenyewe alichofanya. Mwili wake unamwambia jambo. Kocha aliyeegemea ubao wa pembeni anamwambia jambo. Kisha anakwenda kuketi kwenye benchi ambalo watu wa mchezo huu wa kuteleza kisanii huliita kona ya busu na machozi, kamera ikiwa usoni pake, na jopo la watu asiowajua linamwambia kwa namba alivyokuwa leo.

Riwaya yako imo humo. Nimeandika rasimu mbili za namna hii kabla sijalielewa hilo, na zote mbili zilikuwa na mtu aliyejificha korido gizani akiwa na chuma mkononi. Zilikwenda kasi, zikachosha haraka. Ya tatu haikuwa na chuma wala korido. Ilikuwa na binti aliyeanza kutilia shaka miguu yake, nami niliogopa nikiwa naiandika. Mwongozo huu unatokana na ile ya tatu.

Hatua ya 1: Tafuta pengo kabla ya kumtafuta mhalifu

Kwenye hadithi ya upelelezi msomaji huuliza nani alifanya. Kwenye taharuki ya kisaikolojia huuliza kama kuna kilichofanyika hata kidogo, na kama anayemsimulia anaaminika. Kwa hiyo kitu cha kwanza unachohitaji ni pengo: mahali ambapo anachohisi mhusika na anachoambiwa havikutani, na hapana mtu wa kuamua.

Mchezo huu unalo pengo hilo, tena limo ndani ya kanuni. Mruko ukipungua zaidi ya robo ya mzunguko lakini pungufu isifike nusu, jopo la kiufundi huupa asilimia 80 tu ya thamani yake. Ukipungua nusu au zaidi, unahesabiwa kuwa mruko wenye mzunguko mmoja mdogo: wa mara tatu unakuwa wa mara mbili. Robo ya mzunguko ni nyuzi 90, na mara nyingi haionekani mpaka jopo litazame marudio ya polepole. Aliyeruka anaweza kula kiapo kwamba alitua sawasawa.

Sasa mchukue binti wa miaka 17. Msimu mzima mwili wake unamwambia "umefika" na skrini inamwambia "hukufika". Wiki ya kwanza ataamini mwili. Mwezi wa pili ataamini skrini. Mwezi wa nne ataanza kuuliza ni nani anayekaa nyuma ya skrini. Nitamrudia binti huyu kila hatua, maana mwongozo usio na mtu ndani yake hausaidii mwandishi.

Kabla ya kuendelea, andika swali la riwaya yako kwa sentensi moja. La binti wetu ni hili: je, miruko yangu inapungua, au kuna anayetaka niamini kwamba inapungua? Kisha lipime. Kama swali lako linaweza kuhamia kwenye tenisi au ofisini bila kubadilisha neno, bado hujalipata. Endelea kuchimba.

Hatua ya 2: Ujue mchezo kuanzia kwenye chuma

Hapa usiharakishe. Msomaji anayeujua mchezo atakukamata ukurasa wa tatu, na asiyeujua atahisi kwamba unapapasa. Huhitaji kuteleza wewe mwenyewe, ingawa saa moja barafuni itakufundisha mengi kuhusu hofu ya kifundo cha mguu. Kinachohitajika ni kuvijua vitu ambavyo mtelezaji huvigusa kila siku.

Anza na kiatu. Chuma chake kina upana wa karibu milimita 4, na upande wa chini hakiko bapa. Kimechimbwa mfereji mwembamba unaoacha kingo mbili, wa ndani na wa nje. Mtelezaji husafiri kwa ukingo mmoja kati ya hizo, na karibu kila kitu katika mchezo huu ni suala la ukingo upi. Mbele ya chuma kuna meno ya kuchomeka barafuni wakati wa baadhi ya miruko. Chuma hufungwa kwenye soli kwa skrubu, na skrubu hizo hulegea zenyewe kwa unyevu na mitikisiko, ndiyo maana mtelezaji makini huzikagua mara kwa mara. Weka alama kwenye sentensi hiyo. Tutaihitaji.

Kisha kuna fundi wa kunoa. Watelezaji wengi humwamini mmoja tu na husafiri mbali kumfuata, kwa sababu akikosea kidogo tu, ukingo mmoja ukawa juu kuliko mwenzake, mtelezaji huhisi kosa hilo mara anapokanyaga barafu lakini ukimpa kiatu mtu mwingine akitazame, haoni kitu. Nakuomba ufikirie vizuri juu ya fundi huyu. Waandishi humsahau, na ndiye mtu pekee anayeshika maisha ya mtelezaji mkononi kila baada ya wiki chache mlango ukiwa umefungwa.

Barafu nayo haifanani. Ya kuteleza kisanii hutunzwa ikiwa na baridi pungufu kuliko ya mpira wa magongo, ili iwe laini kidogo, ukingo ukamate na kutua kusiumize sana. Ukumbi mmoja ukitumiwa na timu zote mbili, mtu wa mitambo akichelewa kubadilisha kipimo, barafu inakuwa ngumu na kavu na miruko inakataa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Au yupo.

Miruko iko sita: toe loop, Salchow, loop, flip, Lutz na Axel. Axel ndio pekee unaoanza mtelezaji akitazama mbele, kwa hiyo huongeza nusu mzunguko juu ya hesabu yake. Lutz na flip hufanana kwa jicho la mgeni. Tofauti ni kwamba Lutz huondokea ukingo wa nje wa mguu wa kushoto na flip ukingo wa ndani, kwa wale wanaozunguka kwa kushoto, ambao ndio wengi. Mtelezaji mwenye hofu anaweza kuingia Lutz vizuri kabisa, kisha katika nukta ya mwisho kifundo kikalala upande wa ndani bila yeye kutaka. Mwili umebadilisha uamuzi wa akili. Ukilielewa jambo hili moja tu, una sura nzima.

Jambo jingine la aina hiyo ni kufunguka hewani. Mtelezaji anaondoka barafuni kwa mizunguko mitatu, kisha mikono inaachia mapema na anatua akiwa amezunguka mara moja. Si kila mara kwamba miguu imeshindwa. Mara nyingi kuna sauti ndani iliyosema acha. Sauti ya nani, hiyo ni kazi yako.

Upande wa kanuni, zishike chache zenye kuleta mkazo. Programu ni onyesho analoteleza kwa muziki, na shindano moja lina mbili. Programu fupi ya wakubwa ni dakika 2 na sekunde 40. Programu huru ni dakika 4. Majaji huwa hadi 9, na katika kila kipengele alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Ubora wa kila kipengele hupimwa kuanzia -5 hadi +5. Anguko la kwanza hukata alama 1. Na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kifaa kikiharibika katikati ya programu, mtelezaji anaweza kumwendea refa, akapewa hadi dakika 3 za kutengeneza na kuendelea pale alipoishia, kwa gharama ya alama 5. Dakika 3, skrubu mkononi, ukumbi mzima umenyamaza, na mtu mmoja tu ana bisibisi. Mtu huyo ni nani?

Ukishajua haya, tazama rekodi za mashindano mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti utazame nyuso, hasa ya kocha kabla ya mtelezaji kumfikia. Mara ya pili fumba macho. Ukingo uliokamata vizuri hutoa mlio mzito kama kitambaa kinachochanwa. Ukingo unaosita hukwaruza. Mtelezaji mzoefu humtambua mwenzake kwa mlio bila kugeuka, na binti wetu ataanza kusikia nyuma yake mlio unaofanana na wake.

Hatua ya 3: Chagua nani anasimulia, na kipi hakijui

Nafsi ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ile niliyosema mwanzoni: hajioni, nasi tuko ndani yake. Lakini msimulizi asiyeaminika si mwongo. Hilo ndilo kosa linaloharibu riwaya nyingi za aina hii. Mwandishi humficha msomaji jambo ambalo msimulizi analijua, kisha mwishoni anamfunulia kwa mbwembwe, na msomaji anahisi kaibiwa. Binti wetu asifiche kitu. Aseme kila anachokiona kwa uaminifu wote, ila macho yake yawe yamezoeshwa kuona upande mmoja.

Mzoesho huo uutoe kwenye maisha halisi ya mchezo. Mtoto anayeanza akiwa na miaka minne au mitano, anayeamshwa kabla ya mapambazuko, anayeambiwa maumivu ya nyonga ni uvivu, anakua bila kujua tofauti ya jeraha na woga. Kutua kunakadiriwa kuubebesha mguu mara tano hadi nane ya uzito wa mwili, na hurudiwa mara nyingi kila siku. Kama tangu utotoni umeambiwa kwamba mwili wako unatia chumvi, utamwamini nani siku mwili unapokuambia kuna mtu chumbani?

Kuna jambo la mwili lazima niliseme kwa uwazi. Matatizo ya ulaji yapo katika mchezo huu. Gracie Gold wa Marekani na Yulia Lipnitskaya wa Urusi wote wamezungumza hadharani kuhusu kutafuta matibabu. Ukiliingiza katika riwaya, usiandike kilo wala kalori, na usieleze namna. Namba hizo humdhuru msomaji aliye katika hali hiyo, na riwaya haipotezi chochote. Andika ukimya mezani, mkono wa kocha unaosukuma sahani sentimita mbili, binti anayejua kila mtu anatazama. Vilevile kumbuka kwamba wahusika wako wengi ni watoto. Usiuandike mwili wao kama mapambo.

Hatua ya 4: Watu wachache, wote karibu

Kikulacho ki nguoni mwako. Usilete mgeni mwenye kofia. Wanatosha watano: kocha, mzazi, mpinzani wanayefanya naye mazoezi ukumbi mmoja, fundi wa kunoa, na mtu mmoja wa upande wa majaji anayemfahamu kocha tangu zamani. Kila mmoja awe na sababu ya kumpenda binti na sababu ya kutaka ashindwe, na sababu hizo mbili zitoke katika kitu kimoja. Mama aliyeuza nyumba kulipia mazoezi anampenda binti kwa sababu hiyo na anamwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Kocha ndiye anayestahili kurasa nyingi zaidi. Kumbi nyingi zina mkanda wa kufundishia miruko: mtelezaji hufungwa kiunoni, kamba ikapanda hadi kwenye fimbo ndefu anayoishika kocha, na mtoto anaporuka kocha humnyanyua kidogo ili apate muda zaidi hewani. Mtoto hatui mpaka kocha amshushe. Sihitaji kukwambia zaidi. Andika onesho ambalo binti wetu anafunguliwa mkanda kwa mara ya kwanza akatua mruko vizuri, naye anageuka kuangalia kama kweli mkanda haupo.

Mpinzani usimfanye katili. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Calgary, Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki na Debi Thomas wa Marekani walichagua muziki wa opera ile ile moja kwa programu zao huru, Witt akapata dhahabu na Thomas shaba. Watu wawili, muziki mmoja, usiku mmoja. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini hebu mweke binti wetu hapo, aje mazoezini asubuhi asikie muziki wake unapigwa na mwingine yuko katikati ya barafu akizimaliza hatua zake. Atajiuliza nani alianza. Nawe usimjibu kwa sura tatu.

Kama unadhani kufuatiliwa na watu wa karibu ni jambo la kubuni tu, mwangalie huyo huyo Witt. Polisi wa siri wa Stasi walimfuatilia tangu akiwa mtoto, na faili lake lilifika maelfu ya kurasa, nyingine zikitokana na watu waliokuwa karibu naye. Hofu ya binti wetu si wazimu. Huo ndio msumari unaoishikilia riwaya ukutani: anachokihofia kimewahi kutokea kwa mtu.

Hatua ya 5: Tengeneza daftari la safu mbili

Hii ndiyo hatua ya kiufundi kuliko zote, na ukiifanya vizuri zilizobaki zitakuja kwa wepesi. Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Kila tukio la kutisha liandikie maelezo mawili: lile lisilo na mkosaji upande wa kushoto, na lenye mkosaji upande wa kulia. Maelezo yote mawili lazima yasimame kwa miguu yake.

Mruko umehesabiwa pungufu: amechoka na anakua kimo, au mtu wa jopo ana chuki. Barafu ni ngumu: mtambo umechelewa, au umecheleweshwa. Kiatu cha kulia kinavuta upande: mkono wa fundi ulitetemeka, au ulilipwa. Muziki wake unapigwa na mwingine: bahati mbaya, au mtunzi wa hatua za programu ameuza wazo.

Na hapa Kiswahili kinakupa zawadi ambayo nakusihi usiiache. Sema "skrubu imelegea", na hakuna mtu ndani ya sentensi. Chuma kimefanya kazi ya chuma. Sema "skrubu imelegezwa", na ghafla kuna mkono, kuna vidole, kuna mtu aliyeinama juu ya begi lako ukiwa bafuni. Herufi mbili tu zimeingia. Riwaya nzima inaweza kusimama juu ya herufi hizo. Sura za mwanzo mwache binti wetu atumie vitenzi visivyoonyesha mtendaji: umepotea, kimefunguka, imekatika. Kadiri shaka inavyomwingia, kauli ya kutendwa ianze kupenya, kwanza mara moja kwa sura, baadaye kila ukurasa: umepotezwa, kimefunguliwa, imekatwa. Usimwambie msomaji. Ataogopa bila kujua kwa nini.

Zawadi ya pili ni kwamba lugha yetu haibainishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Alisimama nyuma ya kioo akanitazama" inaweza kuwa mama, kocha au refa. Tumia jambo hilo kwa kiasi. Ukizidisha, msomaji atagundua kwamba unakwepa jina.

Hatua ya 6: Acha msimu ukupangie sura

Wengi husumbuka na muundo bure. Kalenda ya mchezo tayari ina umbo la taharuki. Msimu wa kimataifa huanza Julai. Oktoba na Novemba kuna mfululizo wa Grand Prix, fainali yake Desemba. Nchi nyingi hufanya mashindano ya kitaifa karibu na mwisho wa mwaka. Mwanzoni mwa mwaka mpya huja ubingwa wa bara. Machi ni ubingwa wa dunia, na kila baada ya miaka minne Februari ni Olimpiki. Kila kituo kina watu wachache zaidi na kamera nyingi zaidi. Weka tukio moja la daftari katika kila kituo, ukiacha kimoja kitupu, bila baya lolote. Kituo hicho kitupu ndicho kitakachomtisha binti wetu kuliko vyote.

Ndani ya shindano moja, tumia dakika 6 za kupasha misuli. Watelezaji wa kundi moja, hadi sita, huingia barafuni pamoja, kila mmoja akiwa na njia yake kichwani, wote wakienda kwa kasi, wengi kinyumenyume. Novemba 2014 kule Shanghai, Yuzuru Hanyu wa Japani na Yan Han wa China waligongana katika dakika hizo. Hanyu akarudi na bandeji kichwani, akaanguka mara tano katika programu yake na bado akamaliza wa pili. Ajali tupu. Lakini dakika 6, watu sita, na mmoja anayeamini kwamba kati ya hao watano yupo anayemtaka: sijui mahali pengine palipo bora kwa kilele cha sehemu ya pili ya riwaya.

Mpangilio wa programu huru nao hukusaidia, kwani aliyeongoza programu fupi huingia katika kundi la mwisho, naye hulazimika kungoja. Kungoja ndiko kunakoumba hofu. Mweke binti koridoni, vipokea sauti masikioni bila muziki wowote, akihesabu makofi ya ukumbi ili ajue wenzake wamefanya nini.

Hatua ya 7: Kuandika mruko wenyewe

Usielezee mruko kama mtangazaji. Utumie wakati wa -ka-, sentensi fupi, na hisi tatu tu: ukingo chini ya mguu, hewa usoni, mlio. Macho yaache, kwani hewani hayaoni kitu cha maana. Jaribio langu ni hili:

Nikaingia kona ya mbali kinyumenyume. Ukingo wa nje wa kushoto ukakamata. Nikachomeka meno ya kulia, nikapanda, nikajifunga, na ukumbi ukawa mstari mmoja mweupe. Nikafunguka. Mguu ukapokea. Barafu ikatoa ule mlio wa kitambaa. Nilijua nimefika. Kisha nikamwona kocha. Alikuwa ameshusha macho, anaandika.

Angalia sentensi mbili za mwisho. Mruko haukuwa na hofu. Hofu imo kwenye kalamu. Daima peleka mkazo baada ya kutua, pale ambapo msomaji alidhani amepumzika. Na usiandike zaidi ya miruko minne au mitano kwa ukamilifu katika riwaya nzima. Mingine ipite kwa nusu sentensi.

Hatua ya 8: Matukio ya kweli, kwa heshima

Tarehe 6 Januari 1994, mtelezaji wa Marekani Nancy Kerrigan alipigwa rungu mguuni juu ya goti baada ya mazoezi kule Detroit, katika njama iliyomhusisha mume wa zamani wa mpinzani wake Tonya Harding. Wiki chache baadaye wote wawili walikuwa kwenye Olimpiki ya Lillehammer: Kerrigan akapata fedha, Harding akamaliza wa nane baada ya kuwaonyesha majaji kamba ya kiatu iliyokatika na kuruhusiwa kuanza upya. Machi mwaka huo Harding alikiri kosa la kuzuia mashtaka. Kuhusu kujua mapema juu ya shambulio, wakati huo alikana. Mwaka 2002 kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, jaji mmoja alisema ameshinikizwa katika mashindano ya jozi, kisha akabadilisha kauli. Dhahabu mbili zikatolewa, na mfumo wa zamani wa alama, ambao kilele chake kilikuwa 6.0, ukaachwa. Mfumo uliofuata ukaficha majina ya majaji nyuma ya alama zao, mpaka 2016 ulipopigiwa kura ya kuacha usiri huo. Na mwaka 2022 kwenye Olimpiki ya Beijing, Kamila Valieva wa Urusi, miaka 15, aliteleza programu yake huru dunia ikiwa inajua sampuli yake ilikuwa na dawa iliyopigwa marufuku, akaanguka, akamaliza wa nne, matokeo ambayo yalifutwa mwaka 2024. Miezi michache baadaye umri wa chini wa mashindano ya wakubwa ukaamuliwa kupanda hatua kwa hatua hadi 17.

Usiwanakili. Hao ni watu walio hai, na mmoja wao alikuwa mtoto. Kutoka katika kila tukio chukua utaratibu tu, uache uso: kwamba kamba hukatika na hakuna anayejua ukweli wake, kwamba jaji anaweza kusema mambo mawili na yote yakaaminika, kwamba watu wazima wanaweza kumzunguka mtoto wote na hakuna anayemshika mkono. Ukisoma rasimu ukaona msomaji anaweza kumtaja mtu halisi, badilisha nchi, umri, aina ya jeraha na uhusiano. Ukibadilisha jina peke yake, watamjua.

Hatua ya 9: Kufumbua bila kudanganya

Rudi kwenye daftari lako. Mwisho mzuri hauhamii wote safu ya kulia wala wote safu ya kushoto. Chagua tukio moja, moja tu, lililokuwa na mkono ndani yake. Mengine yote yawe ajali ambazo hofu ilizishona pamoja. Kwa binti wetu mimi ningechagua video. Miruko yake haikupungua kiasi hicho mashindanoni. Ni kocha aliyekuwa akimwonyesha mazoezini rekodi za wiki za nyuma, za siku mbaya, akimwambia ni za leo. Si kwa chuki. Aliamini mtoto asiyeridhika na alichofanya hafanyi uzembe. Skrubu ililegea yenyewe. Fundi hakufanya kitu, naye amekwisha kufukuzwa.

Mbegu ya ufumbuzi huo lazima iwe imepandwa mapema na mbele ya macho: mtandio aliouvaa kwenye video ilhali siku hiyo hakuuvaa, dirisha la ukumbi lenye mwanga wa saa isiyo yake. Itaje mara mbili, kila mara katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine.

Hatua ya 10: Kupitia rasimu

Pitia mara tatu, siku tofauti. Mara ya kwanza fuatilia kingo na miguu: hakikisha Lutz haiondokei ukingo wa ndani isipokuwa umekusudia. Mara ya pili pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa, utazame vinavyoongezeka kutoka sura hadi sura. Mara ya tatu soma kwa sauti maonesho ya kutua peke yake, ukate kila neno linalomwambia msomaji aogope.

Kisha mpe msomaji mmoja unayemwamini rasimu isiyo na sura ya mwisho, umwulize ni nani aliyeilegeza skrubu. Akikutajia jina bila kusita, rudi kwenye daftari, safu ya kushoto imekuwa dhaifu. Akisita, akakuuliza kwanza kama kweli ililegezwa, mpe sura ya mwisho.